Nyumbani Kwako Nani Anaendesha?

Kama umeingia kazi ya bima kwa sababu unapenda watu, toka mapema utafute kazi ya hoteli. Mimi kazi yangu ilikuwa kuulizia. Anayeulizia hachukii mtu, lakini hamwamini mtu pia, na macho yake yako chini, kwa miguu.

Nasema miguu nikiwa na maana. Kijana amegonga ukuta na gari la mjomba wake, halafu anakuambia, "Mimi hapa ni mgeni tu, nilikuja juzi." Usibishane naye. Mwache aende chooni, uangalie amevaa nini. Mgeni huvaa patipati za mwenye nyumba, na mara nyingi ni za mama, zinambana mpaka kisigino kinakanyaga udongo. Mtu wa hapo ana zake, na zimeisha upande mmoja.

Na kwa nini kampuni ilitaka kujua nani analala wapi? Nitasema polepole, maana nimekutana na watu wana magari mazuri na hawajui. Ukienda kukata bima, unaulizwa: mbali na wewe, nani mwingine mnakaa naye na anaendesha? Hiyo si salamu. Wanataka jina, wanataka kujua leseni yake ni ya zamani ama ni ya jana. Mtu wa kupita, uliyempa funguo mara moja akupelekee mgonjwa hospitali, kampuni nyingi nilizofanyia zilimvumilia. Lakini yule mnalala mabati mamoja, anajua funguo zinaning'inia msumari gani, kama hukumtaja na yeye ndiye amegonga, watasema ulimficha. Wanaweza kukuachia hilo gari lako hivyo hivyo limekunjika. Kila kampuni ina maneno yake, kwa hivyo soma ya kwako, usiseme ni mimi nilikuambia.

Ndiyo sababu kila ajali ikitokea, mtoto wa nyumba anageuka mgeni. Nimeona kijana amekaa kwa shangazi yake tangu akiwa na meno ya maziwa, anaitwa mgeni. Nimeona hata bwana ya mtu anaitwa mgeni.

Mimi sikusomea hii kazi. Shule niliacha nikiwa darasa la sita. Nilikuwa mama wa kufua. Natoka Kongo asubuhi, ule mtaa wa Kawangware ninapokaa mpaka leo, naingia kwa nyumba za watu na sabuni yangu. Ukifua nguo za watu miaka mingi, huhitaji kuambiwa wako wangapi. Unajua nani ameongezeka, nani amehama, na nani anasemekana amehama na kola ya shati yake bado inakuja kwa karai.

Mzee Kimeu alinipata hapo. Alikuwa polisi zamani, akastaafu, akafungua chumba kimoja juu ya duka la dawa pale steji ya Kawangware 46. Makampuni ya bima yalikuwa yanamtuma kuulizia ajali. Shida yake ilikuwa sura. Akiingia ploti, kila mtu anaona polisi, watu wanafunga milango, hata redio zinazimwa. Siku moja alinikuta naanika nguo kwa nyumba aliyotumwa, akasimama kando kama mtu anangoja mtu.

"Mama, hapa wanakaa watu wangapi?"

"Wewe ni nani?"

"Swali zuri," akasema. Akaandika kitu, akaenda. Wiki iliyofuata alinitafuta mpaka mlangoni kwangu, na mimi nilimwangalia sana kabla sijamfungulia. Nilidhani ameniletea kesi. Kumbe ni kazi.

Yule mzee alikuwa mkali kuliko mimi. Alinifundisha kuuliza swali bila kuweka jibu ndani. Ukimwambia mtu, "Huyu ni mgeni, ama sivyo?" umemfanyia kazi yake. Muulize tu, "Huyu nani?" halafu nyamaza. Wengi hawawezi kuvumilia kimya, watakijaza wenyewe. Pia alinikataza chai kabla ya kuuliza. "Ukishakunywa chai ya mtu," alisema, "swali lako linakuja na sukari."

Yeye mwenyewe hakukosa ucheshi, ingawa uso wake haukuonyesha. Kuna shemasi wa kanisa pale Kawangware aliyeapa kwamba gari ni lake peke yake, kijana wake haligusi. Mzee Kimeu akamwambia, "Hebu liwashe nisikie injini." Shemasi akazungusha ufunguo. Redio ikalipuka na ngoma za matusi za vijana, mpaka kuku wakakimbia.

"Hii ni yako, shemasi?"

Shemasi akafikiria. "Nasikiliza nijue vile wanapotea."

"Na umepandisha sauti ujue vizuri."

Kijana aliitwa, akatoka chumba cha nyuma, na patipati zake zilikuwa zimeisha upande mmoja.

Siku hizi najua mmebadilisha mambo. Mtu anakata bima akiwa amelala, kwa simu. Swali linatokea kwa kioo, anafinya "hapana" kwa kidole gumba kabla hajamaliza kusoma, bima ikatoka. Mnasema ni rahisi. Mimi kitu rahisi hivyo nakiogopa. Simu haioni kamba ya nguo. Na hata mtu akiulizwa na mdomo wa mtu mwingine, bado swali linaweza kupotea njiani. Hiyo ndiyo nataka kuwaambia, kwa sababu iliwahi kubaki kidogo tu kumwangusha fundi mmoja wa Gatwekera, huko Kibera.

Tumwite Baba Lavenda. Mtu mfupi, mnene, fundi wa sofa. Kibanda chake kiko kando ya barabara, na ana pikapu nzee ya kupelekea wateja makochi. Hiyo pikapu ndiyo mkono wake. Sofa haibebwi begani mpaka Rongai, na mteja akingoja sana anaenda kwa fundi mwingine. Alikuwa amekatia bima kubwa, ile inalipa uliyemgonga na pia inakutengenezea gari lako.

Siku moja pikapu ikishuka mteremko na makochi nyuma, mkokoteni ukaingia mbele. Dereva akaukwepa, akaruka mtaro, akagonga nguzo. Mwenye mkokoteni hakuumia. Lakini pikapu ilikunjika mbele yote, ikavutwa hadi gereji, ikawekwa hapo kungoja kampuni iseme italipa ama hailipi.

Dereva hakuwa Baba Lavenda. Alikuwa kijana anaitwa Onyi, ndugu ya mke wake. Na kwa ile fomu ya bima, pale wanauliza kama kuna mwingine anayekaa na wewe na anaendesha, palikuwa pameandikwa: hakuna.

Basi nikatumwa.

Nilipofika, Mama Lavenda alinikaribisha vizuri sana. Hilo peke yake lilinifanya nisimame mlangoni kidogo. Mtu ambaye pikapu yake iko gereji hana haja ya kufurahia mgeni hivyo. Nyumba ilikuwa imefagiliwa mpaka udongo unang'aa, na sofa limewekwa vitambaa vyeupe vinavyonuka sabuni.

"Karibu mama, nikuwekee chai."

"Baadaye. Hapa mnalala nani na nani?"

Alitaja: yeye, mzee, Lavenda na mdogo wake. Alitaja haraka, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa. Baba Lavenda alikuwa ameketi na mikono katikati ya magoti.

"Na Onyi?"

"Onyi ni mgeni," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Nikanyamaza. Nje kwa kamba kulikuwa na suruali ya jinzi, imeanikwa, na miguu yake ilikuwa inakaribia kugusa chini. Nikaangalia suruali, nikaangalia Baba Lavenda, ambaye angeivaa ingemfika kidevuni.

"Ile suruali ni ya nani?"

"Ya mteja," akasema.

"Wewe si fundi wa sofa? Siku hizi unafulia wateja nguo?"

Mama Lavenda akakohoa. Baba Lavenda akajaribu kucheka. "Nyinyi Waluhya mko na macho. Nilidhani yanafanya kazi kwa sahani ya kuku peke yake."

"Na nyinyi Wajaluo mko na maringo, lakini leo sijayaona. Mbona mnaogopa?"

Mama Lavenda akanyoosha kitambaa cha sofa kilichokuwa kimenyooka. Nikainuka, nikawaambia narudi. Sikuwaambia naenda wapi.

Nilienda pale pikapu ilikuwa inalala kabla ya ajali, kiwanja fulani kando ya barabara ambapo vijana wanaosha magari. Niliuliza Onyi. Hakuwa amejificha mbali. Alikuwa na ndoo mkononi na suruali amekunja mpaka magotini, kijana mrefu kama nguzo ya stima.

"Niaje, shosho."

"Mimi si wa niaje. Kwenu mko wangapi?"

Nilimuuliza hivyo ghafla nione atataja nani. Akapangusa mikono.

"Kwetu? Tumebaki na mathe na ndugu yangu mdogo. Buda alienda."

"Alienda wapi?"

"Aliaga."

"Pole. Na nani hapo anaendesha gari?"

Akacheka. "Nyumbani? Gari ya nani? Shosho, huko hata baiskeli iko moja, na haina tairi ya mbele."

Hapo nilisimama. Nilikuwa nimekuja kumshika kwa uongo, na alichonijibu hakikuwa uongo. Nikamuuliza tena, pole pole, "Wewe unalala wapi?"

"Kwa sistee. Hapo Gatwekera."

"Tangu lini?"

"Kitambo. Tangu nimalize shule." Halafu akakumbuka kitu, akashika mdomo. "Ngai. Nilikuwa niseme mimi ni mgeni."

"Nani alikuambia useme hivyo?"

"Kelvin."

Kelvin alikuwa ajenti, yule kijana aliyemkatia Baba Lavenda bima. Alikuwa amewapigia simu baada ya ajali, akawaambia wakiulizwa waseme Onyi ni mgeni, alikuja wiki hiyo tu, la sivyo hawapati kitu. Hawakumuuliza kwa nini. Mtu wa ofisi akikuambia sema hivi, unasema.

Nilirudi kwa ile nyumba, nikawakuta walivyokuwa, sasa chai imepoa. Nikamwambia Baba Lavenda, "Nimeongea na Onyi. Usinidanganye tena, nitakuuliza kitu kimoja. Siku Kelvin alikuja kukukatia bima, alikuuliza nini? Maneno yake, kama alivyosema."

"Aliniuliza, nyumbani kwako kuna mtu mwingine anaendesha?"

"Ukasema?"

"Nikamwambia nyumbani hakuna. Nyumbani ni mamangu na mke ya marehemu kaka yangu. Nani ataendesha? Ng'ombe?"

"Nyumbani ni wapi?"

Akaniangalia kama mtu anayeniona mara ya kwanza. "Si nyumbani. Ugenya."

"Na hapa?"

"Hapa?" Akatazama mabati, akatazama mke wake. "Hapa ni kwa nyumba."

Nyinyi mliozaliwa Nairobi labda hamwoni kitu hapo. Mimi nilikiona, kwa sababu na mimi nyumbani kwangu ni Vihiga, na hapa Kongo nimekodisha tu, hata kama nimekodisha nikiwa na nywele nyeusi na sasa ni nyeupe. Tunafanya kazi hapa, tunazaa hapa, lakini ukituuliza nyumbani, roho inapanda gari ya usiku.

Lakini sikumwamini. Hiyo lazima muelewe. Hadithi ikikutosha vizuri hivyo, ivue uangalie mishono. Nilijiuliza kama amefundishwa hiyo pia. Nikatoka, nikapita mlango hadi mlango kwa ile ploti, namuuliza kila mtu, "Nyumbani kwako kuna nani?" Mmoja akataja nyanya yake. Mwingine akasema nyumbani kumenyesha vizuri mwaka huu. Mwingine akasema nyumbani amefunga nyumba, na alikuwa amesimama ndani ya mlango ulio wazi, amebeba sufuria.

Nikampelekea Mzee Kimeu vyote viwili: lile neno nyumbani, na ule uongo wa mgeni. Alitaka aandike lile neno peke yake. "Tukiandika vyote, wataona uongo tu."

"Andika vyote."

"Huyo fundi atapoteza pikapu."

"Andika, mzee."

Akaandika. Kampuni ikawaita wote ofisini: Baba Lavenda, mke wake, Onyi, Kelvin. Na sisi wawili tukawa hapo. Mama mmoja wa ofisi ndiye alikuwa na hiyo kazi ya kukubali ama kukataa. Tulimwita Madam, na alikuwa wa maneno machache.

"Huyu kijana ni nani kwako?" akamuuliza Baba Lavenda.

Kelvin alikuwa anamkodolea macho kutoka upande ule. Baba Lavenda akaangalia kofia yake.

"Ni shemeji yangu. Anakaa kwangu. Anakula kwangu. Ndiye dereva yangu."

"Mbona ulisema ni mgeni?"

"Niliambiwa hivyo ndiyo inasaidia. Sikuona vizuri kumkana, lakini nilimkana."

Kelvin akasema yeye hakuwahi kuambia mtu kitu. Alisema aliuliza swali kama lilivyo. Madam akamwambia alirudie, kwa lugha aliyotumia siku ile. Kelvin akalirudia: nyumbani kwako kuna mtu mwingine anaendesha?

Madam akaketi nyuma kwa kiti. Nadhani na yeye alikuwa na kwao mahali. Akageukia fundi. "Mzee, nyumbani ni wapi?"

"Ugenya, Madam."

Kelvin akacheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

"Ya kwanza ilikuwa kutoelewana," Madam akasema. "Ya pili ilikuwa uongo, na ningeweza kuwafungia hapo. Nitaangalia ile ya kwanza. Pikapu itatengenezwa. Lakini mtanitajia sasa hivi, hapa, kila mtu analala kwa hiyo nyumba na anaweza kushika usukani. Sijasema nyumbani. Nimesema pale mnalala. Nikisikia mwingine baadaye, hiyo pikapu mtaivuta na mkokoteni."

Baba Lavenda akamtaja Onyi. Akajitaja mwenyewe. Madam akaandika, akauliza kama wamemaliza. Akasema wamemaliza.

Mama Lavenda alikuwa anasokota pindo la leso kwa kidole. Alisokota mpaka damu ikakataa kufika kwa ncha. Mimi nilikuwa namwangalia kwa sababu ndiyo kazi yangu, na nikamwambia, "Mama Lavenda, unataka kusema."

"Mimi," akasema.

"Wewe nini?" mume wake akauliza.

"Mimi pia naendesha. Nina leseni."

Baba Lavenda akamgeukia. "Ulifundishwa na nani?"

Mama Lavenda akarudi kwa pindo la leso. Onyi alikuwa ameanza kuchunguza dari kwa makini sana.

"Na pikapu gani?"

"Yetu."

Sikumwachia hapo. Nilimuuliza mbele ya wote, bila huruma, kwa sababu kama singeuliza mimi angeuliza mwingine baadaye, na baadaye ni mbaya zaidi. "Siku ya ajali, usukani ulikuwa na nani?"

Alinigeukia na macho yamewaka. "Onyi. Mimi nilikuwa kanisani, tunapika chakula cha harusi. Enda uulize."

"Nitaenda."

Madam akaweka kalamu chini. Akasema atangoja.

Nilienda. Niliongea na wale wanawake waliopika naye, mmoja mmoja, mbali na wenzake. Wote walisema alikuwa hapo. Hilo halikunitosha, watu wa kanisa moja wanaweza kusema kitu kimoja. Lakini wa mwisho alianza kulalamika kwamba Mama Lavenda ndiye aliacha mchele ukashika chini, akakataa kukubali, na mpaka leo hajaomba msamaha. Bado alikuwa na hasira. Aliyepangwa kukutetea hakumbuki mchele wako ulioungua. Nikarudi nikamwambia Mzee Kimeu aandike.

Wakati pikapu ilitoka gereji nilijipeleka, hakuna aliyenituma. Fundi wa gereji alimpa Baba Lavenda funguo. Akazishika. Akamwangalia Onyi, akamwangalia mke wake, akamrushia yeye hizo funguo. Halafu akazunguka akapanda upande wa abiria, akafunga mlango.

"Haya," akamwambia mkewe kupitia dirishani, "nionyeshe hicho mlikuwa mnanificha."

Onyi akarukia nyuma. Mama Lavenda akapanga kiti, akapanga kioo, akawasha. Nilisimama hapo kando ya barabara mpaka wakafika pale pa kukata kona, kwa sababu nilitaka kuona kama ataweka indiketa.

Aliweka.